Neno "bastola": asili yake, maana zake na hila ya kulitafutia mji

1. Tatizo

Mwanafunzi wa Lubumbashi akiandika katika insha yake kwamba askari alichomoa "pistole", yaelekea mwalimu wa Kiswahili atalikata neno hilo na kuandika juu yake "bastola". Sababu itakayotolewa ni fupi: la kwanza ni Kifaransa, la pili ni Kiswahili. Kwa upande wa usanifu sahihisho hilo lina haki yake, kwani lugha ya maandishi huhitaji umbo moja linalofahamika toka Mombasa hadi Kolwezi. Lakini sababu yenyewe haisimami. "Pistole" na "bastola" si maneno mawili, moja geni na jingine la nyumbani. Ni neno moja lililosafiri kwa njia mbili, likawakuta wasemaji wa Kiswahili mara ya kwanza kwa upande wa bahari na mara ya pili kwa upande wa shule.

Makala haya yanachunguza asili na maana za neno hilo kwa makusudi mawili. Kusudi la kwanza ni kupima madai yaliyotolewa juu ya chimbuko lake huko Ulaya, ambako lilianza kuwa jina la silaha ya askari wapanda farasi. Kusudi la pili ni kuonyesha kwamba Kiswahili, ambacho mara nyingi huitwa kutoa hesabu ya mikopo yake kama mdaiwa mbele ya hakimu, kinaweza pia kuitwa kama shahidi. Katika shauri la neno hili ushahidi wake ni wa maana.

2. Silaha ya mpanda farasi

Leo bastola ni silaha ya mfukoni: ya polisi, ya afisa, ya jambazi. Hali haikuwa hivyo mwanzoni. Bunduki za kwanza za mkono zilihitaji utambi uwakao, na utambi ulihitaji mkono wa kuushika, macho ya kuulinda na ardhi iliyotulia chini ya miguu. Mpanda farasi hakuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Mkono wake wa kushoto ulishika hatamu, na farasi wake hakutulia.

Mambo yalibadilika mwanzoni mwa karne ya 16, ulipoenea mtambo wenye gurudumu dogo la chuma. Gurudumu hilo lilikazwa kwa ufunguo, na lilipofunguliwa lilizunguka kwa kasi, likasugua kipande cha jiwe na kutoa cheche juu ya baruti. Silaha sasa iliweza kubebwa ikiwa tayari, bila moto wowote kuonekana, na kufyatuliwa kwa mkono mmoja. Watawala walitambua mara moja hatari ya silaha inayofichika. Kaisari Maximilian I, aliyefariki mwaka 1519, aliipiga marufuku katika miaka yake ya mwisho. Marufuku hiyo haikuizuia.

Waliofaidika zaidi ni wapanda farasi wa kukodiwa wa Ujerumani, waliojulikana kama "Reiter", jina ambalo Wafaransa waligeuza kuwa "reître". Kila mmoja wao alibeba bastola mbili au zaidi, baadhi zikiwa katika mifuko ya ngozi iliyofungwa mbele ya tandiko. Walimkaribia adui safu kwa safu. Safu ya kwanza ilifyatua, ikageuka na kurudi nyuma kujaza upya, na safu ya pili ikachukua nafasi yake. Katika vita vya dini vya Ufaransa (1562–1598) askari hawa waliajiriwa kwa wingi na pande zote mbili. François de La Noue, jemadari aliyepigana katika vita hivyo, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1587 kwamba kikosi cha wenye bastola kikiongozwa vizuri kitakishinda kikosi cha wenye mikuki mirefu. Wakati huo kauli hiyo ilisikika kama kinyume cha akili, kwa maana mkuki wa mpanda farasi ulikuwa alama ya ungwana. Hata hivyo, kabla ya karne kwisha mkuki ulikuwa umeachwa na sehemu kubwa ya wapanda farasi wa Ufaransa.

Historia hii si pambo. Inatueleza ni watu gani waliobeba jina na kulieneza. Jina la silaha hufuata mikono inayoitumia, na mikono iliyoitumia silaha hii mbele ya macho ya Wafaransa ilikuwa ya Wajerumani. Dai lolote juu ya asili ya neno lisilopitia Ujerumani lina deni la kueleza jambo hilo.

3. Madai manne

Dai la kwanza, ambalo ndilo maarufu zaidi, huutaja mji wa Pistoia katika Toscana, Italia. Mtetezi wake wa zamani ni Henri Estienne, mchapishaji na mtaalamu wa Kigiriki, katika kitabu chake cha mwaka 1565 juu ya uhusiano wa Kifaransa na Kigiriki. Kwa maelezo yake, Pistoia palitengenezwa majambia madogo yaliyopewa jina la mji. Kisha jina likahamia kwenye bunduki ndogo, kwa sababu nazo zilikuwa ndogo. Baadaye likahamia kwenye sarafu ndogo za Hispania. Estienne akamaliza kwa mzaha kwamba huenda siku moja hata watu wafupi wataitwa hivyo.

Dai la pili husema kwamba jina limetokana na neno la Kiitalia la kirungu cha mpini, kwa kuwa bastola za kale zilikuwa na kitako kinene cha mviringo. Dai la tatu husema kwamba mdomo wa silaha ulikuwa na upana sawa na ule wa sarafu iitwayo "pistole". Dai la nne hutupeleka mashariki zaidi, Bohemia, ambako neno la Kicheki "píšťala" lina maana ya filimbi au bomba jembamba. Katika vita vya Wahussi (1419–1434), wafuasi wa Jan Hus, aliyechomwa moto mwaka 1415, walipigana na majeshi ya kaisari kutoka juu ya magari ya farasi yaliyofungwa pamoja kama boma. Bunduki zao nyembamba za mkono ziliitwa kwa jina hilo la filimbi.

Dai la pili na la tatu hayahitaji maneno mengi. La kirungu hueleza sehemu moja ya silaha, wala halionyeshi ni nani aliyeita silaha nzima kwa jina la sehemu hiyo. La sarafu linagongana na ushahidi wa Estienne mwenyewe, ambaye aliishi wakati sarafu hizo zikitumika na aliyesema kinyume chake: kwamba silaha ndiyo iliyotangulia na sarafu ndiyo iliyoazima. Yanabaki madai mawili, la mji na la filimbi.

Nguvu ya dai la Pistoia ni kwamba msemaji wake aliishi wakati ule. Nguvu hiyo isidharauliwe, lakini ipimwe vizuri. Estienne ni shahidi mwema wa jinsi Wafaransa wa mwaka 1565 walivyolisikia neno: kwao lilikuwa jina la vitu vidogo. Hawi kwa sababu hiyo shahidi wa mahali neno lilikotoka. Msemaji anaweza kukaa na neno maisha yake yote asijue wazazi wake, kama mtu anavyoweza kuishi na jirani asijue kijiji chake.

Tena, dai lake lina ukweli wa nusu. Ni kweli kwamba Kiitalia kilikuwa na neno "pistolese" kwa jambia la Pistoia, na kwamba Kifaransa cha karne ya 16 kilikuwa na "pistolet" yenye maana ya jambia. Kwa hiyo Wafaransa walikuwa na maneno mawili yaliyofanana sana, moja la chuma kikali na moja la moto, yakakutana katika kinywa kimoja. Mtu aliyekuwa akilijua la kwanza akasikia la pili alikuwa na kila sababu ya kudhani kwamba la pili limezaliwa na la kwanza. Estienne alifanya alichofanya kila mtu mwerevu anapokutana na sadfa: aliitungia ukoo.

Watetezi wa mji watajibu kwamba miji huzipa silaha majina, na watautaja Bayonne, mji wa kusini-magharibi mwa Ufaransa unaohusishwa na "baïonnette", ile singe ya mwisho wa bunduki. Mfano huo ni mzuri, lakini ukitazamwa kwa makini unawageuka. Jambia la Bayonne liliendelea kuwa chuma kikali hata lilipofungwa kwenye mdomo wa bunduki: jina lilihama kutoka chuma hadi chuma. Pistoia hutakiwa kufanya kazi nzito zaidi, kulihamisha jina kutoka jambia hadi bomba la moto, kwa daraja la udogo peke yake.

Dai la filimbi nalo lina udhaifu wake. Silaha ya Wahussi haikuwa ya mpanda farasi wala haikuwa fupi kama bastola. Ilikuwa ya mtu aliyesimama. Yapasa basi kukubali kwamba jina lilibadilisha kitu chake likiwa njiani, kutoka bunduki nyembamba ya boma hadi silaha fupi ya tandiko. Mabadiliko hayo si ya ajabu, kwani neno lilibaki katika ukoo uleule wa mabomba ya moto. Wala si neno la pekee lililotoka katika vita vile. Mzinga mfupi ulioitwa "houfnice" kwa Kicheki, kutokana na neno la kundi la watu, ndio uliozaa "Haubitze" ya Wajerumani na, kwa kupitia huko, "obus" ya Wafaransa. Njia iliyopitisha neno moja ya Bohemia hadi Ujerumani na Ufaransa iliweza kupitisha na la pili.

4. Ushahidi wa vitu vyenye uwazi

Hapa ndipo lugha za Afrika Mashariki na Kati zinapoweza kuitwa. Swali la msingi ni hili: je, ni desturi ya wanadamu kukiita chombo cha moto kwa jina la kitu chenye uwazi ndani, ambacho hapo awali hakina uhusiano wowote na vita? Kama ni desturi, dai la filimbi linapata msingi. Kama si desturi, linabaki kuwa mfano wa pekee.

Kiswahili kinajibu kwa neno "mzinga". Mzinga ni gogo lililochimbwa ndani na kutundikwa mtini ili nyuki waingie na kufanya asali. Ni kitu cha amani, cha kijijini, na jina lake ni la Kibantu. Wasemaji walipoyaona madude ya chuma yaliyolazwa juu ya kuta za ngome na ndani ya merikebu, waliona umbo walilolijua: gogo refu, la mviringo, lenye uwazi na mdomo. Wakaliita mzinga. Hawakuuliza lilitengenezwa mji gani, wala hawakungoja mgeni awape jina.

Shahidi wa pili ni "kasiba", jina la mtutu wa bunduki. Neno hili limetoka katika Kiarabu, ambako asili yake ni mwanzi au tete. Shahidi wa tatu yumo ndani ya Kifaransa chenyewe: "canon", ambalo ni jina la mzinga na vilevile la mtutu, limetokana na Kiitalia "cannone", yaani "canna" kubwa, na "canna" ni mwanzi. Shahidi wa nne ni Kirusi, ambacho bunduki yake ya kale iliitwa "pishchal", neno la ukoo mmoja na filimbi ya Wacheki.

Gogo la nyuki, mwanzi wa Waarabu, mwanzi wa Waitalia, filimbi ya Waslavi: lugha nne zisizofanana kwa sarufi wala kwa historia zilifikiri kwa namna moja mbele ya kitu kipya. Ni kweli kwamba mfanano wa namna hii hauthibitishi tarehe wala njia. Lakini unathibitisha kwamba hatua inayodaiwa na wenye filimbi ni hatua ya kawaida ya akili, ilhali hatua inayodaiwa na wenye Pistoia, kutoka mji hadi jambia na kutoka jambia hadi bunduki, inahitaji miruko miwili, na wa pili una shahidi mmoja tu. Kwa hiyo dai la filimbi ndilo linalostahili kupokewa. Mkulima aliyeutundika mzinga wake mtini anamsaidia mwanaisimu wa Ulaya kuamua shauri lililoanza karne ya 16.

5. Onyo la neno "bunduki"

Isidhaniwe kwamba hila ya mji ni ugonjwa wa Wazungu peke yao. Neno "bunduki", ambalo Kiswahili kimelipata kutoka Kiarabu, limepata msiba uleule. Kwa Kiarabu mji wa Venice huitwa "al-Bunduqiyya". Kwa kuwa Waveneti walikuwa wafanyabiashara wakubwa wa Bahari ya Kati, wengi wameona ni jambo lililo wazi kwamba bunduki ni "kitu cha Venice". Maelezo hayo yanapendeza, ni mafupi, na yana mji ndani yake.

Lakini "bunduq" ilikuwapo katika Kiarabu kabla ya baruti. Maana yake ni aina ya kokwa ndogo ya mviringo, na jina hilo lilitoka kwa Wagiriki, walioiita kokwa ya Ponto, nchi ya pwani ya Bahari Nyeusi. Kutoka kokwa jina lilihamia kwenye kijiwe cha udongo kilichorushwa kwa upinde wa kuwindia ndege. Kutoka kijiwe likahamia kwenye risasi. Na kutoka risasi likahamia kwenye chombo kinachoirusha. Jina la Venice kwa Kiarabu ni umbo la jina la mji wenyewe, lililokutana na kokwa kwa sauti tu.

Mifano hii miwili inafundisha kanuni moja ya uhakiki. Jina la mji huvutia kwa sababu huonekana kufunga mjadala: mtu akishautaja mji, hakuna swali linalobaki. Hiyo ndiyo sababu ya kulitilia shaka. Na mfanano wa sauti una mitego mingine pia. Katika Kiitalia cha kale "pistola" ilikuwa na maana ya barua, kutoka "epistola" ya Kilatini. Hakuna bastola ndani ya barua hiyo. Vilevile "pistoni" ya injini, ambayo kila fundi wa magari anaijua, inatokana na kitenzi cha kutwanga, na ndugu yake ni mchi, si silaha.

6. Maana zilizozaliwa njiani

Neno likishakubaliwa, huanza kuzaa. Katika Kifaransa, "pistole" ikawa sarafu, na baadaye hesabu ya livre kumi, hata ikiwa hakuna sarafu ya jina hilo mkononi. Mfungwa aliyelipia chumba chake gerezani ili asilale na wengine alisemwa kuwa yuko "à la pistole". "Pistolet" nayo ikaendelea mbali zaidi. Ni kibao chenye mikunjo cha mchoraji wa ramani za majengo. Ni chombo cha kupulizia rangi. Ni mdomo wa mpira wa mafuta katika kituo cha petroli. Ni chombo cha mkojo cha mgonjwa wa kiume asiyeweza kuondoka kitandani. Kwa Wabelgiji ni mkate mdogo wa mviringo unaopendwa asubuhi ya Jumapili. Na mtu wa tabia ya ajabu huitwa "un drôle de pistolet": mzaha wa Estienne umetimia, isipokuwa neno limewapata watu wa ajabu badala ya watu wafupi.

Waingereza nao walimpata mtu wa jina hilo. Katika tamthilia za Shakespeare za mwisho wa karne ya 16 yumo askari aitwaye Pistol, mwenye kelele nyingi na ushujaa kidogo. Hadhira ya London haikuhitaji maelezo: ilikuwa silaha mpya, yenye mshindo mkubwa, isiyofika mbali. Tabia ya kitu ikawa tabia ya mtu.

Kiswahili, kwa kulinganisha, kimeibana "bastola" katika maana yake ya kwanza. Hili si umaskini. Wafaransa walipata neno pamoja na wapanda farasi, masoko, magereza na karakana zilizolitumia kila siku kwa karne nne. Pwani ya Waswahili haikuwa na vikosi vya wapanda farasi. "Farasi" mwenyewe ana jina la Kiarabu na alibaki mnyama wa heshima ya wachache, na huku bara mbung'o walimzuia. Neno lilifika bila tandiko lake. Lilipokelewa kama jina la kitu cha mkononi, si cha jeshi zima, na ndivyo lilivyobaki.

7. Mlango wa kuingilia

Lilifika kwa mlango gani? Ni rahisi kujibu: kwa Wareno, waliotawala sehemu za pwani tangu mwanzo wa karne ya 16 hadi kuanguka kwa Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1698. Umbo la Kireno ni "pistola", na mwisho wa neno unaafikiana nalo kabisa. Lakini mwanzo hauafikiani. Kiswahili hakina shida na sauti "p". Maneno yaliyotoka kwa Wareno yameihifadhi: pipa, pera, padri, kopo, parafujo. Kwa nini basi bastola, si "pistola"?

Sauti "b" inaelekeza kwenye vinywa vilivyozoea Kiarabu, lugha isiyo na "p" yake ya asili, ambayo hata jina la Ureno hulitamka kwa "b". Irabu ya kwanza nayo imegeuka kutoka "i" kuwa "a", jambo linalowezekana kwa urahisi neno likiandikwa kwa hati ya Kiarabu, ambamo irabu fupi huachwa msomaji azijaze. Kwa upande mwingine, "o" iliyo wazi katikati ya neno si tabia ya Kiarabu cha maandishi. Neno basi limebeba alama mbili mwilini: mkia wa Kireno na kichwa kilichopita katika kinywa cha wasemaji wa Kiarabu au cha Waswahili waliosoma hati hiyo. Kulipa alama moja tu ya asili, "Kireno" au "Kiarabu", ni kufuta nusu ya ushahidi ambao neno lenyewe limeuhifadhi.

Katika karne ya 19 msamiati huo wa silaha uliingia Kongo pamoja na misafara ya pembe za ndovu, kupitia Ujiji hadi Kasongo na Nyangwe, na kwa upande wa kusini hadi Bunkeya, kwa M'siri, ambaye alijenga dola yake kwa shaba, pembe na bunduki, na aliuawa kwa risasi tarehe 20 Desemba 1891. Silaha zilizomfikia zilitoka pwani ya mashariki na ya magharibi pia. Kifaransa kilipokuja baadaye na "pistolet" yake, hakikuleta neno jipya. Kilileta umbo la pili la neno lililokwisha kuwapo, kama ndugu wawili waliotengana utotoni wakakutana katika mji mmoja wa migodi bila kutambuana.

8. Masasi, au kazi ya anayepokea

Kuna kosa moja zaidi la kuepukwa, nalo ni kudhani kwamba historia ya neno imekwisha pale linapoingia. Kiswahili sanifu husema "risasi" kwa umoja na kwa wingi. Neno hilo ni la Kiarabu, na "r" ni herufi ya shina lake. Katika Kiswahili cha Kongo, kama katika Kilingala, husikika "lisasi" kwa umoja na "masasi" kwa wingi. Mtu asiyetafakari atasema kwamba hili ni kosa la matamshi. Kinyume chake, ni kazi kamili ya sarufi. Msemaji aliposikia silabi ya kwanza "ri" au "li", aliitambua kama kiambishi cha ngeli ya jicho na macho, jiwe na mawe, ambayo katika lugha nyingi za Kibantu huanza na "li". Akaitenga, akabakiwa na shina "-sasi", akaunda wingi wake kwa "ma". Herufi ya kwanza ya shina la Kiarabu ikatoweka bila kumsumbua yeyote.

Neno lililofanyiwa hivyo limepewa uraia. Hakuna alama ya kamusi inayoweza kulirudisha lilikotoka, kwa sababu kule lilikotoka halitambuliki tena. "Bastola" haikupata mabadiliko makubwa kiasi hicho. Iliingia katika ngeli isiyodai kiambishi na ikakaa humo. Lakini nayo hutawala upatanisho wa sentensi kama neno lolote: bastola hii, bastola zile, bastola iliyofyatuliwa. Upatanisho huo hauna deni kwa Wacheki wala kwa Wareno.

9. Hitimisho

Katika safari ya filimbi ya Bohemia hadi bastola ya Kiswahili, kila lugha ilikopa. Wajerumani walikopa kwa Wacheki, Wafaransa kwa Wajerumani, na majirani zao wakafuata. Hata hivyo hakuna anayesema kwamba Kifaransa si lugha ya Wafaransa kwa sababu "pistolet" imetoka Bohemia. Hukumu ya namna hiyo huwekewa Kiswahili peke yake: maneno yake ya mkopo huhesabiwa, asilimia hutolewa, na kutoka hapo huulizwa kama ni lugha ya Kiafrika kweli. Na Waswahili wenyewe huirudia hukumu hiyo kwa ndugu zao wa Katanga na Kivu, wanapoyahesabu maneno ya Kifaransa katika mazungumzo yao na kuyaita uchafu, huku wao wakitumia maneno yaleyale yaliyopitia mlango wa zamani zaidi.

Kinachotakiwa ni kutenganisha mambo mawili ambayo kamusi nyingi huyafunga katika alama moja: mlango na chimbuko. Mlango ni lugha ya mwisho iliyolikabidhi neno. Chimbuko ni mahali lilipoanza kupata maana yake. Kwa "bastola" mlango ni Kireno kikipita katika matamshi yenye mazoea ya Kiarabu, na chimbuko ni filimbi ya Wacheki. Kwa "bunduki" mlango ni Kiarabu, na chimbuko ni kokwa ya Wagiriki. Kwa "mzinga" hakuna mlango: chimbuko ni hapa, katika gogo la nyuki.

Mwalimu anayelisahihisha neno "pistole" kuwa "bastola" aendelee kusahihisha, kwa kuwa maandishi yanahitaji umbo moja. Lakini amweleze mwanafunzi sababu iliyo ya kweli: kwamba anachagua kati ya njia mbili za neno moja, na kwamba njia ya bahari imechaguliwa kwa sababu ndiyo inayoeleweka na wengi. Hakuna haja ya kumfundisha mtoto kuona haya kwa neno ambalo tayari, kwa umbo jingine, limo katika kamusi ya Kiswahili sanifu.